Mla Magamba wa Baharini na Maji Tunywayo

Kila inapofika masika na kipindupindu kikazuka katika mji, sote twayafahamu mambo yatakayofuata. Gari lenye kipaza sauti litapita mitaani likiwahimiza watu kunawa mikono. Chokaa itamwagwa kandokando ya mitaro. Mama lishe wataamriwa wazime majiko yao, na muuza maji ya miwa atanyang'anywa mashine yake. Baada ya majuma kadhaa wagonjwa hupungua, gari hurudi lilikotoka, mvua huichukua chokaa, na sisi sote tukasema: "Ugonjwa umeondoka."

Neno hilo "umeondoka" ndilo tunalotaka kulichunguza leo. Ni neno la kumwaga mgeni. Lakini wataalamu wanaosoma jeni za vijidudu, yaani yale maandishi ya urithi ambayo kila kiumbe huzaliwa nayo, wametupatia habari ambazo haziafikiani nalo hata kidogo. Wametuonyesha kwamba kijidudu cha kipindupindu kina kwao, kina chakula chake, na kina kazi yake kilichoianza kabla mwanadamu hajachimba kisima cha kwanza. Kazi hiyo ni kula magamba. Twaomba msomaji atuvumilie tuieleze, kwa maana asiyeielewa kazi hiyo hataelewa kwa nini chokaa na kipaza sauti havitoshi.

Mtu yeyote wa pwani aliyewahi kumenya kamba amekwisha kuishika khitini kwa mkono wake. Khitini ndiyo nyuzi zilizomo ndani ya gamba la kaa, la kamba na la uduvi. Ndiyo bawa la mende na ganda la nzige. Na katika uyoga imo katika kuta za chembe zake. Mfaransa Henri Braconnot aliitenga katika uyoga mwaka 1811, na mwenzake Auguste Odier akaikuta katika wadudu mwaka 1823, akaipa jina kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya vazi. Jina lilifaa, kwa kuwa mnyama wa namna hii huivaa khitini nje ya mwili, na kila anapokua vazi humbana, hana budi kulivua na kuvaa jingine. Katika vitu vya nyuzi ambavyo viumbe hujitengenezea, khitini huhesabiwa kuwa ya pili kwa wingi duniani, baada ya ile iliyomo katika miti na majani.

Sasa na tufikiri. Bahari imejaa wanyama wadogo wasiohesabika ambao hujivua magamba usiku na mchana, na baada ya hayo hufa wakaacha gamba la mwisho. Kwa makadirio ya wataalamu ni mabilioni ya tani kila mwaka, nayo hushuka chini polepole kama vumbi. Yaenda wapi? Kama yasingeliwa, sakafu ya bahari ingalikuwa imefunikwa nayo, na chakula kilichofungwa ndani yake, hasa kaboni na naitrojeni, kisingerudi tena kwa viumbe hai. Samaki wangalipungua na mvuvi angalirudi na wavu mtupu. Hayo hayatokei, kwa sababu wako bakteria ambao riziki yao ni magamba hayo.

Bakteria hana meno wala tumbo. Hutoa nje ya mwili wake vimeng'enya, ambavyo ni vitenda kazi vya protini, na kila kimeng'enya kina jeni yake iliyo kama mchoro mikononi mwa fundi. Kazi hii imechunguzwa sana katika bakteria mmoja aitwaye Serratia marcescens. Kimeng'enya chake kimoja huushika uzi wa khitini kwenye ncha na kuukata kidogo kidogo kikienda upande mmoja. Cha pili hufanya vivyo hivyo kikitokea ncha ya upande mwingine. Cha tatu huukata katikati popote kinapopata nafasi, na hivyo kuwatengenezea wenzake ncha mpya. Mwaka 2010 wataalamu wa Norway walionyesha kwamba kipo na cha nne, ambacho zamani kilidhaniwa kuwa hushikilia tu. Kumbe hutumia oksijeni kupasua uso mgumu wa khitini ili wale watatu wapate pa kuanzia. Wafanyakazi wa bandarini na viwandani watautambua mpango huo bila kuelezwa mara mbili. Kila mmoja akifanya kazi peke yake, gamba huchukua muda mrefu mno. Wakifanya pamoja, huwa sukari yenye naitrojeni ndani yake, tayari kuliwa.

Kijidudu cha kipindupindu, kiitwacho Vibrio cholerae, ni mmoja wa wafanyakazi hao. Hapa ndipo penye kiini cha maneno yetu.

Jeni zake zote zilisomwa na kutangazwa mwaka 2000. Zipo karibu 3,900, zimegawanyika katika kromosomu mbili. Miongoni mwake zimo jeni kadhaa za vimeng'enya vya kuvunjia khitini, jeni za kukishikisha kijidudu juu ya gamba, za kukielekeza kiogelee kuifuata sukari ya khitini, na za kuiingiza sukari hiyo ndani. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walieleza jinsi jeni hizo zinavyowashwa kwa pamoja, kwa utaratibu, mara kijidudu kinapokutana na gamba. Kitu kilichopangwa hivyo si bahati. Ni ufundi wa mwenyeji.

Nyumba yake hasa ni kiumbe kiitwacho kopepoda, jamaa ya uduvi, ambacho ni kidogo hata jicho hukiona kwa shida, kama chembe ya mchanga inayorukaruka ndani ya maji. Bibi Rita Colwell wa Marekani na Bwana Anwar Huq wa Bangladesh walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba vijidudu vya kipindupindu hujibandika juu ya kopepoda, na kwamba mmoja tu aweza kubeba maelfu kwa maelfu. Maji yakipata joto na mimea midogo ya majini ikazidi, kopepoda huongezeka, na abiria wao huongezeka pamoja nao. Watafiti wa kwetu Tanzania nao wamekipata kijidudu hiki katika maji ya mito na milango ya bahari ya pwani yetu. Kwa hiyo mtu atekaye maji yasiyochujwa akayanywa, hanywi maji peke yake. Aweza kumeza gamba pamoja na wote waliokaa juu yake.

Lakini kula si jambo la pekee lifanyikalo juu ya gamba. Mwaka 2005 wale wa Stanford walivumbua neno la ajabu: khitini inapovunjwa, kijidudu cha kipindupindu hufungua mlango na kuanza kuchukua jeni zilizotapakaa katika maji, jeni za vijidudu vingine, na kuziingiza katika urithi wake. Tena mwaka 2015 watafiti wa Lausanne, katika Uswisi, walionyesha kwamba hakingoji jirani yake afe. Kikiwa juu ya khitini hutoa kitu kama mkuki, kikamchoma jirani asiye wa ukoo wake, kikampasua, kisha kikaokota jeni zake. Juu ya hayo, vifaa vya kuchomea na vifaa vya kuokotea huwashwa kwa amri moja. Gamba la uduvi, basi, ni chakula na pia ni soko la silaha.

Jambo hili lina madhara kwa watu. Mwaka 1992 kilitokea katika Bara Hindi kipindupindu cha namna mpya, kilichopewa namba O139, na hata watu wazima ambao miili yao ilikwisha kuzoea kile cha zamani wakaugua kama watoto. Kijidudu chake kilikuwa kile kile cha zamani kilichobadili koti la nje kwa kupata jeni za mwingine. Miaka 15 baadaye, watafiti waliweka aina hizo mbili juu ya khitini katika maabara, na wakaona kile cha zamani kikilivaa koti la O139 mbele ya macho yao. Hatusemi kwamba ndivyo hasa ilivyotukia mwaka ule. Ila njia ipo wazi.

Pengine msomaji atauliza: kiumbe kilichozoea magamba ya baharini chatafuta nini katika utumbo wa mwanadamu? Jibu ni kwamba utumbo wetu umepakwa ute, na katika ute huo imo sukari ya namna ile ile iliyomo katika khitini. Mwaka 2005 ilithibitishwa kwamba protini ambayo kijidudu hiki hutumia kujishika juu ya gamba ndiyo hiyo hiyo hutumia kujishika katika utumbo. Hakikuhitaji kujifunza ufundi mpya. Kiliingia kwetu na vifaa vyake vya kazi mkononi.

Hatupendi msomaji atoke hapa akiiogopa bahari au kuacha kula kamba waliopikwa vizuri. Wengi wa jamaa ya kijidudu hiki wanaoishi majini hawana ile sumu iletayo kuharisha. Jeni ya sumu, kama ilivyobainika mwaka 1996, hubebwa na kirusi ambacho huingia katika bakteria na kukaa humo. Tena ni haki kusema kwamba wataalamu wenyewe hawajapatana juu ya sehemu ya bahari katika milipuko mikubwa. Mwaka 2017 kundi moja lililolinganisha jeni za mamia ya vijidudu vilivyokusanywa katika Afrika kwa miaka mingi lilisema kwamba mlipuko ulioanza Indonesia mwaka 1961 na kufika Afrika mwaka 1970 uliletwa barani humu mara nyingi kutoka Asia, na kila mara ulichukuliwa na watu. Haiti ni ushahidi mchungu. Nchi hiyo haikuwa na kipindupindu mpaka mwaka 2010, ambapo uchafu wa kambi ya askari wa kulinda amani, waliotoka Nepal, uliingia katika mto. Watu wapatao 10,000 wakafa, na Umoja wa Mataifa ukaja kuomba radhi mwaka 2016. Hata hapa kwetu, Dakta James Christie aliyekuwa Zanzibar wakati wa maradhi ya mwaka 1869 na 1870 alifuatilia njia za misafara na za vyombo vya baharini, na mwaka 1876 akaandika kitabu kizima kuonyesha jinsi ugonjwa ulivyosafiri na wafanyabiashara.

Kwetu sisi, mabishano hayo hayabadili wajibu. Awe kijidudu ametoka juu ya gamba au ametoka katika choo cha msafiri, hufika mdomoni kwa njia moja, nayo ni maji na chakula vilivyochafuliwa. Tofauti ni hii tu: kama kingetegemea wasafiri peke yake, mtu angeweza kutumaini kwamba siku moja wasafiri wote watakuwa wazima na hadithi imekwisha. Ndivyo ilivyokuwa kwa ndui. Ndui haikuwa na makao ila mwili wa binadamu. Watu walipochanjwa, ilikosa pa kukaa, na mgonjwa wa mwisho aliyeipata kwa njia ya kawaida alionekana Merca, Somalia, mwaka 1977. Kipindupindu hakiwezi kufukuzwa namna hiyo. Hakuna atakayemchanja kopepoda, wala hakuna mwenye akili atakayetaka kuwaua wala magamba wa bahari nzima, maana tumekwisha kuona kwamba samaki wetu wanawategemea.

Ndiyo sababu twasema kwamba desturi ya kungoja mlipuko ndipo tuamke ni desturi mbaya. Mwaka 2015, mwezi wa Agosti, ugonjwa ulitoka Dar es Salaam, ukaenea katika mikoa mingi ya Bara na kuvuka mpaka Zanzibar. Mpaka mwanzo wa mwaka 2018 wagonjwa walikuwa wamepita 30,000 na waliokufa wamepita 500. Katika mtaa mmoja ambao hatuna haja ya kuutaja tuliona kwa macho yetu mama lishe akifungiwa kibanda chake kwa majuma, na sufuria zake za wali zikichukuliwa, ilhali hatua 20 kutoka hapo bomba la maji machafu lililopasuka lilikuwa likitiririsha uchafu njiani, na halikuguswa. Wachukuzi waliokuwa wakila kwake walikwenda kula wapi? Walinunua mihogo mibichi na maji ya mfuko, wakaendelea na kazi. Chakula kilichochemka mbele ya macho ya mlaji kiliondolewa, na maji yasiyojulikana yalikotoka yakabaki. Kama hiyo ndiyo vita, basi adui alifurahi sana.

Hatukatai dawa. Zanzibar, mwaka 2009, watu walipewa chanjo ya kumeza, na waliopata dozi zote mbili walikingwa kwa kadiri ya asilimia 79 katika miezi iliyofuata. Mgonjwa anayepewa maji ya chumvi na sukari mapema mara nyingi hupona. Hayo yote ni mema, na wauguzi wanaokesha katika mahema ya kipindupindu wastahili heshima kuliko wanayopewa. Lakini chanjo huchakaa, na hema hukunjwa.

Yafaa tutazame mji wa Hamburg, katika Ujerumani. Ulikuwa mji wa bandari, wenye wafanyabiashara matajiri na makuli wengi. Ulikunywa maji ya mto Elbe bila kuyachuja. Shauri la kujenga machujio ya mchanga lilizungumzwa kwa miaka mingi, na wakubwa wakabishana juu ya gharama. Ubavuni mwake ulikuwapo mji wa Altona, uliokunywa maji ya mto huo huo, tena kutoka upande wa chini ambako uchafu wa Hamburg ulikwisha kuingia; lakini Altona iliyachuja kwa mchanga. Kipindupindu kilipokuja mwaka 1892, Hamburg ilizika watu wapatao 8,600, na wengi wao walitoka katika mitaa ya maskini. Altona ilisalimika karibu kabisa. Mpakani, mahali ambapo barabara moja ilitenganisha mabomba ya miji hiyo miwili, upande mmoja watu walikufa na upande wa pili watu wakaendelea na shughuli zao. Machujio ya Hamburg yalikamilika mwaka 1893. Mwaka mmoja!

Mchanga ule haukujua lolote juu ya jeni wala khitini, wala waliouweka hawakujua. Leo sisi twajua zaidi, na elimu hiyo imekwisha kutumiwa na watu wasio na kitu. Katika wilaya ya Matlab, Bangladesh, Bibi Colwell na wenzake walifikiri hivi: ikiwa kijidudu chenyewe ni kidogo mno kisichoshikwa na kitambaa, lakini gamba alilolipanda ni kubwa, basi tulishike gamba. Waliwaonyesha wanawake kuchuja maji ya kunywa kwa sari kuukuu iliyokunjwa mara kadhaa. Kitambaa kikuukuu, kama kanga iliyofuliwa miaka mingi, huwa na nyuzi zilizolegea ambazo huziba matundu vizuri kuliko kipya. Matokeo yalitangazwa mwaka 2003: katika vijiji vilivyochuja hivyo, kipindupindu kilipungua kwa asilimia 48 kikilinganishwa na vijiji visivyochuja. Kuchemsha ni bora, hapana shaka, lakini kuni na mkaa vyataka fedha.

Habari hiyo imesifiwa sana, nasi twaisifu. Wachache lakini hueleza sehemu yake ya pili. Watafiti waliporudi baada ya miaka mitano, karibu theluthi moja tu ya wanawake wale walikuwa wakiendelea kuchuja, na katika hao si wote waliokuwa wakitumia sari. Hatuwalaumu hata kidogo. Mama aliyekwisha kuteka maji, kusaga, kupika na kulea ameongezewa kazi ya kila siku isiyo na ujira, ambayo haina sikukuu na ambayo, ikifanywa vizuri, haionekani kwa kuwa hakuna aliyeugua. Kijidudu hakichoki namna hiyo. Jeni zake za kula magamba huwashwa kila inapopatikana khitini, masika na kiangazi.

Kwa hiyo twawaomba ndugu wanaokaa katika mabaraza ya miji na wilaya watuletee hesabu ya namna nyingine. Twajua ni chokaa kiasi gani ilinunuliwa mlipuko uliopita, na ni vibanda vingapi vilivyofungwa, maana tulitangaziwa. Sasa tuelezwe ni mitaa mingapi iliyopata maji ya bomba yaliyotiwa dawa, ni vyoo vingapi vya masoko na vituo vya mabasi vinavyoweza kunyonywa mvua isipokuwa imekwisha kuanza, na bomba lile lililopasuka litaungwa na nani, lini. Wajumbe wa mitaa nao wayaandike mabomba mabovu ya kwao kwa jina la barabara na kuyapeleka mkutanoni sasa, wakati wa kiangazi, ambapo hakuna mgonjwa na hakuna mwenye haraka. Makisio ya fedha yatakaposomwa, sisi wa gazeti hili tutalitazama fungu la maji na maji machafu kwanza, na fungu la dharura baadaye, na tutayachapa yote mawili katika ukurasa huu, moja kando ya jingine.